Kodi ya Mirathi Imepungua, Dhima ya Wasimamizi Imezidi

Tarehe 4 Julai 2025, Rais Donald Trump alitia saini sheria iliyopandisha msamaha wa kodi ya mirathi ya serikali kuu ya Marekani hadi dola milioni 15 kwa kila mtu, kwa wote wanaofariki kuanzia Januari 1, 2026. Mke na mume kwa pamoja wanaweza kuwaachia warithi wao dola milioni 30 bila Washington kudai hata senti. Na kwa kuwa hata katika miaka ya karibuni kabla ya hapo waliotozwa kodi hii hawakufika watu 2 kati ya kila 1,000 waliofariki, wengi waliipokea habari hiyo kama mwisho wa mjadala. Kodi ya mirathi, walisema, sasa ni shauri la mabilionea peke yao.

Kwa warithi wengi, hilo ni kweli. Kwa watu wawili wanaosimama kati ya marehemu na warithi wake, si kweli hata kidogo. Wa kwanza ni msimamizi wa mirathi, yule anayekusanya mali, kulipa madeni na kugawa kilichobaki. Wa pili ni mdhamini, anayeshika mali iliyowekwa amana kwa ajili ya mjane, watoto au wajukuu, pengine kwa miaka hamsini. Kila mara sheria inapobadilika, hawa ndio wanaolazimika kuisoma upya, kuamua kwa niaba ya wengine, na kulipa kutoka mifukoni mwao wakikosea. Historia ya Marekani ya robo karne iliyopita inaonyesha jambo moja kwa uwazi: kodi imewaondokea wengi, lakini maamuzi na hatari vimebaki, na mara nyingi vimeongezeka. Mtu aliyeteuliwa kwa sababu tu marehemu alimwamini amegeuzwa kuwa mfasiri wa sheria isiyotulia.

Dhima inaanzia wapi

Kodi ya mirathi ya kisasa nchini Marekani ilianza mwaka 1916. Inatozwa kwenye mali yote ya marehemu kabla haijagawanywa, na leo kiwango chake cha juu ni asilimia 40 ya kinachozidi msamaha. Sheria inamtaja msimamizi kwa jina la kazi yake kuwa ndiye mlipaji. Asipokuwepo aliyeteuliwa na mahakama, yeyote anayeshikilia mali ya marehemu anahesabiwa kuwa msimamizi, apende asipende. Ritani, yaani Fomu 706, inatakiwa ndani ya miezi 9 tangu kifo. Mtu anaweza kuomba miezi 6 zaidi ya kuwasilisha karatasi, lakini kodi yenyewe kwa kawaida inadaiwa ndani ya ile miezi 9.

Msomaji wa pwani aliyekulia kwenye hukumu za mirathi anaujua utaratibu: mazishi, madeni, wosia, ndipo warithi. Sheria ya Marekani inafuata mpangilio unaokaribiana na huo, na serikali ni mmoja wa wadai wa mwanzo. Msimamizi akiwagawia warithi huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba serikali inadai, na mali iliyobaki isitoshe kulipa, anadaiwa yeye mwenyewe kwa kiasi alichogawa. Zaidi ya hapo, dai la kodi ya mirathi linaikalia mali ya marehemu kwa miaka 10. Dawa ya deni ni kulipa, lakini msimamizi anaweza kulipa deni ambalo halikuwa lake, kwa mali ambayo hakuirithi.

Kesi inayotajwa kila mara katika somo hili ni ya Robert Boyle wa Illinois. Mama yake alifariki mwaka 1978 naye akawa msimamizi wa wosia wake. Alikuwa mfanyabiashara, hakuwa mtu wa sheria. Aliajiri wakili, akamkabidhi nyaraka zote, na akawa anapiga simu kuuliza kazi imefikia wapi. Ofisini kwa wakili, tarehe ya mwisho ya ritani haikuandikwa kwenye kalenda. Ritani ikachelewa miezi 3, na mamlaka ya kodi, IRS, ikatoza faini ya zaidi ya dola 17,000. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumtegemea wakili si sababu ya kutosha ya kuchelewa. Kujua kama kodi ipo kunahitaji mtaalamu, walisema majaji, lakini kukumbuka tarehe hakuhitaji utaalamu wowote. Uamuzi huo unatumika mpaka leo. Msimamizi anaweza kukodisha akili ya mwingine, lakini dhima haikodishiki.

Hiyo ndiyo hali hata sheria ikiwa imetulia. Sasa tuiangalie ilipoanza kuyumba.

Robo karne ya kuyumba

Mwaka 2001 msamaha ulikuwa dola 675,000. Sheria iliyopitishwa mwaka huo chini ya Rais George W. Bush iliupandisha kwa ngazi: milioni 1 mwaka 2002, milioni 1.5 mwaka 2004, milioni 2 mwaka 2006, milioni 3.5 mwaka 2009. Mwaka 2010 kodi ingefutwa kabisa. Kisha, Januari 1, 2011, sheria nzima ingekufa yenyewe, msamaha urudi milioni 1 na kiwango cha juu kiwe asilimia 55. Wabunge walipanga hivyo kwa sababu za hesabu za bajeti na kanuni za Seneti, na karibu kila mtaalamu aliamini kwamba watarekebisha kabla ya 2010. Hawakurekebisha.

Januari 1, 2010 ilifika na kodi ya mirathi ikawa haipo. Mwezi Machi akafariki Dan Duncan, tajiri wa mabomba ya gesi wa Houston. Mwezi Julai akafariki George Steinbrenner, mmiliki wa timu ya Yankees. Magazeti yaliandika kuhusu mabilioni yaliyopita bila kutozwa. Yaliandika machache kuhusu maelfu ya wasimamizi wa mirathi za kawaida ambao mwaka mzima hawakujua wafuate sheria gani, kwa kuwa Bunge lilikuwa linazungumza waziwazi juu ya kuirudisha kodi hiyo kwa kuanzia nyuma.

Mgogoro mkubwa ulitoka kwenye wosia zenyewe. Tangu mwaka 1982, mali inayokwenda kwa mwenzi wa ndoa aliye raia wa Marekani haitozwi kodi ya mirathi, hata iwe kubwa kiasi gani. Mawakili wakazoea kuandika wosia kwa fomula: kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kupita bila kodi kiende kwenye amana ya watoto, kilichobaki kiende kwa mke. Msamaha ulipokuwa dola 600,000 na mali dola milioni 3, watoto walipata 600,000 na mjane milioni 2.4. Bila mtu kubadilisha neno lolote kwenye wosia, mwaka 2009 fomula ileile iliipeleka milioni 3 yote kwenye amana ya watoto. Mwaka 2010, pasipokuwa na kodi, kila kiasi kiliweza kupita bila kodi. Je, mjane hakuachiwa kitu? Au, kwa kuwa hapakuwa na msamaha wa kuhesabia, ni watoto ndio hawakuachiwa kitu? Maneno ya marehemu yaliweza kusomwa kwa njia zote mbili.

Msimamizi akiegemea upande mmoja, upande wa pili ungemshtaki. Pengine msimamizi mwenyewe alikuwa mtoto wa mke wa kwanza, na mjane alikuwa mke wa pili. Majimbo kadhaa yalilazimika kutunga sheria za dharura zilizosema kwamba wosia za namna hiyo zisomwe kana kwamba kodi ya 2009 bado ipo. Serikali ya jimbo ilibidi iingie kati ya mjane na watoto wake wa kambo kwa sababu Washington ilishindwa kupitisha sheria kwa wakati.

Desemba 17, 2010, zikiwa zimebaki wiki mbili mwaka kwisha, Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyoirudisha kodi kwa kuanzia nyuma, msamaha ukiwa milioni 5 na kiwango asilimia 35. Wasimamizi wa waliofariki mwaka huo wakapewa hiari: kukubali kodi mpya, au kujitoa na kufuata utaratibu wa 2010 ambao haukuwa na kodi ya mirathi lakini uliwabebesha warithi kodi kubwa zaidi siku wakiuza mali. Waliojitoa walitakiwa kujaza fomu mpya, 8939, ambayo IRS iliahirisha tarehe yake mara kadhaa, ya mwisho ikiwa Januari 17, 2012. Chaguo hilo halikuwa na jibu moja sahihi kwa familia nzima. Mrithi aliyepewa fedha taslimu alinufaika kwa njia moja, na mrithi aliyepewa shamba lililonunuliwa miaka arobaini nyuma alinufaika kwa nyingine. Msimamizi mmoja, sahihi moja, na ndugu wawili wenye masilahi yanayogongana.

Sheria ya Desemba 2010 nayo ilikuwa ya miaka miwili tu. Mwishoni mwa 2012 familia nyingi zenye uwezo zilikimbilia kuunda amana na kuhamisha mali kabla msamaha haujaporomoka. Januari 2, 2013 msamaha wa milioni 5, unaopanda kwa mfumuko wa bei, ukafanywa wa kudumu. Huo wa kudumu ulidumu miaka mitano. Sheria ya Desemba 2017 iliuongeza maradufu hadi milioni 11.18 kwa mwaka 2018, lakini ikaweka mwisho wake Desemba 31, 2025. Mbio zilezile zikaanza upya, na safari hii pia kuporomoka hakukutokea. Wadhamini wengi leo wamebaki na amana zilizojengwa kwa ajili ya dhoruba ambayo haikupiga: zina gharama za kila mwaka, zina ritani zake, na mali iliyomo haiwezi kurudi kwa aliyeitoa.

Kodi inapoondoka, chaguo linabaki

Mtu akifariki na mali iliyo chini ya msamaha, ingeonekana msimamizi hana la kufanya kuhusu kodi ya mirathi. Kwa kweli ana mambo mawili ya kuamua, na yote mawili yana fedha ndani yake.

La kwanza ni msamaha usiotumika. Tangu 2011, mume akifariki bila kuumaliza msamaha wake, sehemu iliyobaki inaweza kuhamia kwa mjane, naye akaiongeza kwenye msamaha wake mwenyewe. Lakini hauhami wenyewe. Msimamizi lazima awasilishe Fomu 706 hata kama hakuna kodi ya kulipa. Wengi hawakuwasilisha, kwa sababu hakuna aliyewadai. IRS ilipewa maombi mengi mno ya waliochelewa hata ikalegeza masharti: mwaka 2017 ikatoa miaka 2 tangu kifo, na mwaka 2022 ikaongeza hadi miaka 5 kwa mirathi zisizolazimika kuwasilisha ritani.

Hapa masilahi yanagongana tena. Gharama ya kuandaa ritani inatoka kwenye mali ya marehemu, yaani kwa warithi, na faida inakwenda kwa mwenzi aliyebaki. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo la Oklahoma iliamua kesi ya namna hiyo. Mume aliyefiwa aliomba msamaha wa mkewe uhamishiwe kwake, na msimamizi, ambaye alikuwa mtoto wa marehemu kwa uhusiano wa awali, akakataa. Mahakama ilimwamuru msimamizi awasilishe, gharama zikiwa juu ya mume. Msimamizi, ilionekana, ana wajibu hata kwa mtu ambaye hana mapenzi naye, na msamaha usiotumika ni kitu chenye thamani ambacho hawezi kukiacha kipotee kwa kutojali.

La pili ni thamani ya mali siku ya kifo. Kiwanja kilichonunuliwa mwaka 1985 kwa dola 100,000 na chenye thamani ya 900,000 siku mwenyewe alipofariki, kinahesabiwa kwa warithi kana kwamba wamekinunua kwa 900,000. Wakikiuza kesho yake kwa bei hiyo, hawana faida ya kutozwa kodi. Kwa familia nyingi za leo, nafuu hii ina uzito kuliko kodi ya mirathi yenyewe, ambayo haiwafikii. Lakini nafuu hiyo inahitaji ushahidi. Msimamizi asiyemleta mthamini kwa sababu hakuna kodi anawaachia warithi mzozo na IRS miaka 15 baadaye, wakati jirani aliyejua bei za mwaka ule naye ameshafariki.

Kwa mirathi inayozidi msamaha, jukumu jingine lilikuja na sheria ya Julai 2015. Msimamizi anayelazimika kuwasilisha Fomu 706 sasa anatakiwa pia kuwajulisha IRS na kila mrithi, kwa Fomu 8971, thamani ya kila mali aliyopewa mrithi huyo. Warithi hawaruhusiwi kudai thamani kubwa zaidi wanapouza. Kabla ya hapo msimamizi alitaka thamani ndogo ili kodi ipungue, na mrithi alitaja thamani kubwa baadaye. Mwanya huo ulistahili kuzibwa. Ila aliyepewa kazi ya kuuziba ni msimamizi, na fomu hiyo ina faini zake.

Mdhamini na amana iliyopitwa na wakati

Msimamizi humaliza kazi yake kwa mwaka mmoja au miwili. Mdhamini hubaki. Kwa hiyo ndiye anayekutana na mabadiliko mengi zaidi, akiwa ameshika hati iliyoandikwa kwa sheria ya zamani.

Chukua mfano wa mume aliyefariki mwaka 2005, msamaha ukiwa milioni 1.5. Kwa ushauri mzuri wa wakati ule, aliweka mali ya dola milioni 1.5 kwenye amana: mjane apate mapato maishani mwake, kisha watoto warithi. Lengo lilikuwa mali hiyo isihesabiwe kwenye mirathi ya mjane na kutozwa kodi. Mjane akifariki mwaka 2026, mali ya kwenye amana imefika milioni 4, na mali yake mwenyewe ni milioni 2. Hata zikijumlishwa, hazikaribii milioni 15. Amana haikuokoa kodi yoyote ya serikali kuu. Lakini kwa kuwa mali hiyo haikuwa ya mjane, haihesabiwi upya kwa thamani ya siku ya kifo chake. Watoto wakiiuza, faida ya milioni 2.5 inaweza kutozwa hadi asilimia 23.8, yaani dola 595,000. Ushauri uliokuwa bora mwaka 2005 umekuwa hasara kubwa miaka ishirini baadaye, na hakuna aliyekosea.

Je, mdhamini angefanya nini? Kama hati ilimruhusu, angeweza kumkabidhi mjane mali hiyo akiwa hai. Lakini mjane angeweza kuolewa tena, kudaiwa, au kuandika wosia unaowanyima watoto wa mume. Wao ni wanufaika wa amana sawasawa na yeye. Njia nyingine ni kuhamishia mali kwenye amana mpya yenye masharti yanayofaa zaidi, jambo ambalo New York iliruhusu kwa sheria tangu 1992 na majimbo mengi yamefuata. Hiyo nayo inahitaji mawakili, na pengine idhini ya mahakama. Mdhamini asiyefanya kitu anaweza kulaumiwa kwa kulala, na anayefanya anaweza kulaumiwa kwa kuvuka mipaka. Wanaoumia zaidi hapa si mabenki yanayoendesha amana kwa ada, bali ni shangazi au kaka aliyekubali udhamini kwa heshima ya marehemu na hajui hata kwamba kuna swali la kuuliza.

Mahakama nazo hubadilisha sheria

Mabadiliko hayatoki bungeni peke yake. Thea Spyer alifariki New York mwaka 2009 na kumwachia mali Edith Windsor, waliyefunga naye ndoa Toronto mwaka 2007. Serikali kuu haikuitambua ndoa hiyo, hivyo Windsor, akiwa msimamizi wa wosia, alilipa kodi ya mirathi ya dola 363,053 ambayo mjane wa ndoa iliyotambuliwa asingeilipa. Alilipa kwanza, kisha akadai kurudishiwa. Juni 26, 2013 Mahakama ya Juu ilimpa haki. Kwa wasimamizi, somo la kiufundi la kesi hiyo ni kwamba dai la kurudishiwa kodi lina muda wake, kwa kawaida miaka 3 tangu ritani. Wenye hali kama yake waliokuwa wamewasilisha dai la tahadhari mapema walikuwa na mahali pa kusimama uamuzi ulipotoka.

Kesi ya Connelly ya Juni 2024 ilielekea upande mwingine. Michael na Thomas Connelly walikuwa ndugu wenye kampuni ya vifaa vya ujenzi huko St. Louis. Walikubaliana kwamba mmoja akifa na ndugu yake asinunue hisa zake, kampuni izinunue, na kampuni ikakata bima ya maisha kwa ajili hiyo. Michael, aliyekuwa na hisa karibu asilimia 77, alifariki mwaka 2013. Kampuni ikalipa dola milioni 3 kutoka fedha za bima, na Thomas, msimamizi wa mirathi, akawasilisha ritani kwa thamani hiyo. IRS ikasema fedha za bima zenyewe zilikuwa mali ya kampuni siku ya kifo, kwa hiyo hisa zilikuwa na thamani kubwa zaidi. Majaji wote tisa walikubaliana na IRS. Kodi ya nyongeza ilikuwa dola 889,914. Mikataba ya aina hiyo ni ya kawaida sana katika biashara za familia. Wasimamizi wanaoikuta kwenye kabati za marehemu leo hawawezi kuiamini bei iliyoandikwa humo bila kuuliza upya.

Majimbo, na wageni

Anayeangalia Washington peke yake huenda akajikwaa kwenye jimbo lake. Oregon ina kodi yake ya mirathi inayoanzia dola milioni 1. Maryland inatoza mirathi ya marehemu na pia fungu la baadhi ya warithi. Massachusetts, ambako Wakenya wengi wameweka makazi Lowell na Waganda wengi Waltham, ilikuwa na kiwango cha milioni 1 hadi Oktoba 2023, ilipokipandisha hadi milioni 2 kwa kuanzia nyuma, Januari 1 ya mwaka huo. Wasimamizi waliokuwa wameshalipa kwa sheria ya zamani ikabidi wadai kurudishiwa. Nyumba ya kawaida pembezoni mwa Boston, akiba ya kustaafu na bima ya maisha iliyokuwa kwa jina la marehemu vinaweza kufika kiwango hicho bila mtu kujiona tajiri. Wauguzi na madereva kutoka Afrika Mashariki waliofanya kazi huko miaka thelathini wamo kwenye hesabu hii.

Kuna kundi jingine lisilotajwa kwenye sherehe za dola milioni 15. Mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani, mwenye nyumba Texas au hisa za kampuni za Marekani alizonunua kwa simu akiwa Nairobi au Dar es Salaam, ana msamaha wa dola 60,000 tu. Kiasi hicho hakijaguswa kwa miongo kadhaa, wakati msamaha wa raia ukipanda kutoka laki sita hadi milioni 15. Marekani haina mkataba wa kodi ya mirathi na Kenya wala Tanzania wa kulegeza kanuni hiyo. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya Mombasa anaweza kumaliza kila kitu nyumbani, kisha akaambiwa na dalali wa hisa kwamba hazitaachiwa hadi IRS itoe cheti. Kenya ilifuta ushuru wake wa mirathi mwaka 1982, na familia nyingi hazina tena mazoea ya kufikiria kodi baada ya mazishi.

Uingereza nako hali inabadilika. Kiwango kisichotozwa kimesimama pauni 325,000 tangu 2009, huku bei za nyumba zikipanda, na kinachozidi hutozwa asilimia 40. Tangu Aprili 6, 2025 kigezo cha asili ya makazi kimeondolewa. Sasa aliyekuwa mkazi kwa miaka 10 kati ya 20 iliyopita hutozwa kwa mali yake yote duniani. Shamba la Tanga au nyumba ya Mji Mkongwe inayomilikiwa na mtu aliyeishi London kwa muda huo imeingia kwenye hesabu, na akihama Uingereza, wajibu huo unaweza kumfuata kwa miaka 3 hadi 10. Wadhamini wa amana yenye mali nje ya nchi wanapaswa kufuatilia makazi ya aliyeiunda mwaka hadi mwaka, kwa kuwa amana iliyokuwa nje ya kodi inaweza kuingia ndani. Aidha, kuanzia Aprili 6, 2027, fedha nyingi za pensheni ambazo hazijatumika zitahesabiwa kwenye mirathi, na wajibu wa kuzitolea taarifa na kulipa kodi yake umewekwa kwa wasimamizi wa mirathi, ambao wanatakiwa kulipa ndani ya miezi 6 hivi tangu kifo.

Kinachopaswa kubadilika

Anayeandika wosia leo asifunge mgawanyo wa mali yake kwenye fomula ya kodi bila kuweka kiasi cha chini ambacho mwenzi wake hatakosa. Aseme waziwazi nani ataamua kuhusu msamaha usiotumika na nani atalipia ritani. Hati ya amana impe mdhamini, au mtu wa tatu asiye na masilahi, uwezo wa kurekebisha masharti sheria ikigeuka. Na wosia usomwe upya kila sheria inapobadilika, hata kama mali haijaongezeka, kwa kuwa tumeona maneno yaleyale yakimgawia mjane milioni 2.4 mwaka mmoja na kumnyima kila kitu mwaka mwingine.

Msimamizi naye asiharakishe kugawa. Abakize akiba mpaka madai ya kodi yafungwe. Alete mthamini hata pasipo na kodi. Tarehe aziandike mwenyewe, kwa kumbukumbu ya Boyle. Pale sheria inapobishaniwa mahakamani, awasilishe dai la tahadhari kabla muda haujapita. Zaidi ya yote, aandike sababu za kila uamuzi siku anapouamua, kwa sababu atakayemuuliza huenda akawa mtoto ambaye leo bado yuko shuleni.

Lakini ushauri huu hautoshi, kwa kuwa kosa kubwa halikuwa la wasimamizi. Bunge lililopanga kodi ife mwaka mmoja na kufufuka mwaka uliofuata lilijua kwamba watu watakufa katika mwaka huo. Sheria ya 2025 haina tarehe ya mwisho, na hilo ni jema, ingawa ile ya 2013 nayo iliitwa ya kudumu. Mtu anaweza kuamini kwamba mirathi kubwa zitozwe zaidi, au zisitozwe kabisa. Hoja zote mbili zina watetezi waungwana. Kisichoteteeka ni kodi inayobadilika baada ya mtu kuzikwa, na kumwachia ndugu yake aliyefiwa kazi ya kukisia sheria itakavyokuwa. Serikali inawategemea watu hawa kuhesabu mali, kukusanya kodi na kuifikisha, na wengi wao wanaifanya kazi hiyo bila ujira. Angalau inawajibika kwao kwa mambo mawili: mabadiliko yatangazwe mapema na yaanze mbele, si nyuma, na msimamizi aliyetenda kwa uaminifu, kwa sheria iliyokuwepo siku aliyoamua, asitozwe kwa mali yake mwenyewe.